Kubadilisha goti kwa kufuata picha za mgonjwa mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu aliyeambiwa goti lake litabadilishwa na akatakiwa kwanza apigwe CT (picha za mionzi za tabaka kwa tabaka) au MRI (picha za mashine ya sumaku), pamoja na jamaa zake. Sehemu chache zinaingia ndani zaidi kwa ajili ya wauguzi wa chumba cha upasuaji na madaktari wanaoanza kuitumia njia hii. Picha hutoa mpango, lakini mpango huo unaufikia mfupa kupitia mikono, plastiki na pini, na makosa mengi huingia katika safari hiyo.

Upasuaji huu unatofautianaje na ule wa kawaida?

Goti bandia lenyewe mara nyingi ni lilelile. Kuna ganda la chuma, kwa kawaida mchanganyiko wa kobalti na kromi, linalovishwa kwenye ncha ya chini ya mfupa wa paja. Kuna sahani ya chuma inayokaa juu ya mfupa wa ugoko, plastiki ngumu ya polithelini katikati yao, na wakati mwingine kitufe cha plastiki nyuma ya pia ya goti.

Kinachobadilika ni namna daktari anavyojua akate wapi na kwa pembe gani. Katika njia ya kawaida hutoboa ncha ya mfupa wa paja, akaingiza fimbo ndefu ndani ya mrija wa uboho, kisha akafunga juu yake kifaa cha kukatia kilichotegwa pembe fulani, kwa kawaida nyuzi 5 hadi 7. Kwenye ugoko hutumia fimbo ya nje inayoshuka hadi kwenye kifundo cha mguu. Katika njia ya picha, mifupa yako hujengwa kwanza kwenye kompyuta kwa umbo lake kamili, mikato hupangwa hapo, kisha mpango huletwa chumba cha upasuaji kwa vielekezi vya plastiki vilivyochongwa kufuata mifupa yako, au kwa roboti.

Kwa nini nyuzi mbili tatu ziwe na uzito kiasi hicho?

Ukivuta mstari kutoka katikati ya kichwa cha nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu, katika mguu ulionyooka mstari huo hupita karibu na katikati ya goti. Huo ndio mhimili wa kubeba uzito. Lengo lililozoeleka kwa miongo mingi ni kuuacha mguu ndani ya nyuzi 3 za mstari huo, upande huu au ule. Goti likibaki na matege makubwa kuliko hapo, upande wa ndani wa plastiki na wa mfupa ulio chini yake hubeba mzigo kupita kiasi, na sahani ya ugoko inaweza kulegea mapema.

Mzunguko wa ganda la paja nao una uzito wake. Likizungushwa kwa ndani kuliko inavyotakiwa, pia ya goti huvutwa pembeni, na mgonjwa hulalamika maumivu ya mbele ya goti ambayo eksirei ya kawaida haiyaelezi.

Tatizo la pembe moja kwa wote ni kwamba mifupa ya paja haifanani. Mtu mwenye paja lililopinda, au aliyewahi kuvunjika na mfupa ukaunga vibaya, hawezi kupimwa kwa fimbo iliyonyooka bila kosa. Kwake picha ina faida iliyo wazi kabisa.

Nipigwe CT au MRI?

Hilo huamuliwa na mfumo ambao daktari wako anautumia. Lakini tofauti yake ni muhimu kuijua, kwa sababu inaamua daktari atafanya nini siku ya upasuaji.

CT huonyesha mfupa kwa ukali sana na huchukua dakika chache tu. Haionyeshi vizuri gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Kwa hiyo kielekezi kilichotengenezwa kwa CT hupangwa kikae juu ya mfupa mtupu, na gegedu lolote lililobaki mahali kinapogusa lazima likwanguliwe kwanza. CT pia hutumia mionzi. Goti na kifundo huchangia kidogo. Nyonga ndiyo inayobeba sehemu kubwa, kwa kuwa iko karibu na viungo vya tumbo la chini, ndiyo maana eneo la nyonga hupigwa fupi, la kutosha tu kupata kichwa cha mfupa. Mwanamke anayeweza kuwa mjamzito aseme kabla ya kulala kwenye mashine.

MRI huonyesha gegedu na haina mionzi, hivyo kielekezi chake hukaa juu ya gegedu kama lilivyo. Ubaya wake ni muda, mara nyingi dakika 20 hadi 40, na kuvurugika kirahisi mtu akitikisika. Bamba au skrubu za chuma karibu na goti huharibu picha kabisa. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo lazima akitaje mapema, kwani aina nyingine haziruhusiwi kuingia kwenye MRI.

Nikiwa kwenye mashine nizingatie nini?

Usitikisike. Mengine yote ni madogo ukilinganisha na hilo.

Wakati wa CT, nyonga, goti na kifundo hupigwa kwa mfuatano, na kompyuta huviunganisha kuwa mguu mmoja. Kwenye goti matabaka huwa membamba, milimita 1 au pungufu. Kwenye nyonga na kifundo huweza kuwa manene zaidi, kwa kuwa kinachotafutwa hapo ni kitovu cha kiungo tu. Mguu ukizunguka kidogo kati ya nyonga na goti, kompyuta itaunganisha mifupa ambayo haikuwa katika mkao mmoja. Fanya hesabu: mfupa wa paja wenye urefu wa sentimita 40, kitovu cha nyonga kikisogea milimita 7 tu kutoka mahali pake halisi, mhimili mzima umekosea nyuzi 1. Hiyo ni theluthi ya nafasi yote ya kosa inayokubalika, na imeshaliwa kabla hata kisu hakijashikwa.

Mifumo mingine huweka fimbo iliyonyooka kando ya mguu na kuipiga picha pamoja nao. Fimbo ikionekana imekatika au kupinda kwenye picha, mgonjwa alitikisika, na picha hurudiwa. Kama maumivu hayakuruhusu kulala umenyoosha mguu, mwambie mtaalamu wa picha kabla hajaanza. Mto mdogo na mkanda wa kushikilia mguu vinasaidia kuliko kuvumilia kisha ukashindwa katikati.

Kama nimepigwa CT, eksirei ya kusimama ni ya nini tena?

CT na MRI hupigwa ukiwa umelala, na mguu uliolala haubebi uzito. Matege ya nyuzi 6 ukisimama yanaweza kuonekana nyuzi 3 ukilala, kwa sababu kano zilizolegea hazivutwi. Eksirei ndefu ya kusimama, kuanzia nyonga hadi kifundo, humwonyesha daktari goti lako linavyokaa katika maisha. Mpango uliotengenezwa bila kuitazama una pengo, hata kama picha za kompyuta zinavutia.

Picha zikishapigwa, kinafuata nini?

Faili hutumwa kwa watengenezaji au kwa kitengo cha upangaji. Fundi wa kompyuta huchora mpaka wa mfupa, au wa gegedu kama ni MRI, tabaka kwa tabaka. Programu husaidia, lakini panapokuwa na vichomozo vya mfupa vilivyotokana na kusagika kwa goti, jicho la mtu bado ndilo linaloamua. Kutoka hapo hupatikana umbo la mfupa, huwekwa alama za nyonga, goti na kifundo, na programu hupendekeza saizi ya kipandikizi, yaani goti bandia lenyewe, na mahali pa kila mkato.

Pendekezo hilo la kwanza ni la kuanzia tu. Hujengwa kwa viwango vilivyowekwa mapema: mkato wa paja wa karibu milimita 9, mkato wa ugoko wa milimita 9 hadi 10 ukipimwa upande ambao haujalika, mzunguko wa nje wa nyuzi 3 kwa ganda la paja, mteremko wa ugoko kwa nyuma wa nyuzi 3 hadi 7 kulingana na aina ya kipandikizi. Daktari anayebonyeza kitufe cha kukubali bila kubadilisha chochote, kesi baada ya kesi, haitumii picha hizi ipasavyo. Goti lisilonyooka kikamilifu linaweza kuhitaji mkato wa paja uongezwe milimita 2. Ganda la paja lisipoinamishwa vizuri, msumeno unaweza kukwangua ukuta wa mbele wa mfupa na kuacha mtaro, na mtaro huo ni mwanzo wa mvunjiko juu ya goti. Hayo kompyuta haiyaamui.

Hapa pia ndipo huchaguliwa falsafa ya mkao. Njia ya zamani hukata mifupa yote miwili kwa pembe mraba na mhimili wa kubeba uzito. Njia nyingine, ambayo Stephen Howell wa Marekani ni miongoni mwa waliofanya ijulikane, hujaribu kurudisha goti katika mkao lililokuwa nao kabla ya kusagika, hata kama mkao huo ulikuwa na matege kidogo ya kuzaliwa. Madaktari wanaheshimiana na bado hawakubaliani juu ya hili. Muulize wako anafuata ipi na kwa nini.

Baada ya daktari kuidhinisha, vielekezi huchapishwa, mara nyingi kwa unga wa nailoni unaoyeyushwa na leza tabaka juu ya tabaka. Kuanzia picha hadi kielekezi kufika hospitalini, hesabu wiki 3 hadi 6.

Kielekezi kinakaaje kwenye mfupa, na kinakosea wapi?

Kielekezi cha paja hufunika sehemu ya mbele na ya chini ya ncha ya mfupa, na cha ugoko hukaa juu na mbele ya mfupa huo. Upande wake wa ndani ni nakala geuzi ya mfupa wako, pamoja na mabonde na vichomozo vyake. Kikikaa mahali pake, unakihisi: hakiyumbi, na ukikisukuma kwa kidole kutoka pembe yoyote hakinyanyuki upande wa pili. Kisha pini hupitishwa kwenye matundu yake. Baadhi ya vielekezi vina mfereji wa msumeno, vingine huweka pini tu, kisha kifaa cha chuma cha kawaida hufungwa juu ya pini hizo.

Makosa yanayorudiwa zaidi ni haya.

Vichomozo vya mfupa kuondolewa kabla ya kuweka kielekezi. Mkono wa daktari mzoefu unavisafisha kwa mazoea, kumbe vichomozo hivyo ndivyo vilivyokuwa alama ya kukikalisha kielekezi. Vichomozo vyote vinavyoonekana kwenye modeli viachwe mpaka pini ziwe zimeingia.

Gegedu kubakia chini ya kielekezi cha CT. Gegedu la milimita 2 likiachwa chini ya miguu ya kielekezi cha paja, kielekezi kinakaa milimita 2 mbali na mfupa, mkato unatoka mwembamba kwa milimita hizo 2, na goti linakuwa limebana likinyooshwa. Mgonjwa anaamka na goti ambalo halinyooki mpaka mwisho.

Nyama laini kunaswa. Kwenye ugoko, kano ya pia ya goti na mafuta yaliyo nyuma yake hupenda kuingia chini ya ukingo wa nje. Kielekezi cha ugoko ndicho chenye matatizo zaidi kati ya viwili hivi, kwa sababu uso wa mfupa hapo una alama chache za kushika. Kinaweza kuteleza kikabadilisha mteremko au mzunguko, na bado kikaonekana kimekaa. Kifunge fimbo ya kupimia, uitazame inavyoangukia kwenye kifundo, ndipo upige pini.

Kubonyeza kwa nguvu. Nailoni inapinda. Ukikibana kielekezi kwa nguvu ya mkono mmoja wakati wa kuchoma pini, unakipindisha, na ukikiachia pini zimeshaingia kwa pembe nyingine.

Na kabla ya yote, soma maandishi yaliyochorwa juu yake: namba ya kesi, upande wa kulia au kushoto, paja au ugoko. Soma kwa sauti, mwingine athibitishe kwa faili. Kielekezi kikianguka sakafuni au kikigoma kukaa, seti ya kawaida ya vifaa lazima iwe tayari ndani ya chumba, imetakaswa.

Daktari anajuaje kwamba mkato umetoka sawa?

Kwa kupima kipande cha mfupa kilichotoka. Kalipa ndogo ya chuma, kifaa cha kupimia unene na cha bei ndogo kuliko vyote mezani, ndiyo hakimu.

Tuseme mpango unataka milimita 9 kutoka kwenye uso wa mfupa. Msumeno wa unene wa karibu milimita 1.3 hugeuza kiasi hicho kuwa unga, kwa hiyo kipande mkononi kinapaswa kuwa na milimita 7.7 hivi. Kikisoma 6, kielekezi hakikuwa kimekaa mpaka chini. Kikisoma 9.5, umekata zaidi ya ulivyokusudia. Tofauti ya milimita 1 huvumiliwa. Ikizidi hapo, simama utafute sababu kabla ya mkato unaofuata, kwa sababu mikato inayobaki hujengwa juu ya ule wa kwanza. Mfupa uliokatwa kidogo hukatwa tena kwa dakika moja, ila uliokatwa sana haurudi.

Baada ya hapo huwekwa vipandikizi vya majaribio, goti likanyooshwa na kukunjwa, na kano za pande zote mbili zikapimwa mkazo. Picha haioni kano zinavyovuta. Hata mpango mzuri unaweza kuhitaji marekebisho hapa, na daktari anayeyafanya hajaukosea mpango.

Roboti ni kitu hichohicho?

Msingi ni ule ule kwa roboti zinazotumia picha. Mako ya kampuni ya Stryker, kwa mfano, hutegemea CT iliyopigwa kabla. ROSA ya Zimmer Biomet inaweza kutumia eksirei. Nyingine, kama CORI na VELYS, hazihitaji picha ya CT wala MRI: umbo la goti huchukuliwa palepale, daktari akigusa mfupa kwa kalamu maalumu ambayo kamera ya roboti huifuatilia.

Badala ya kielekezi cha plastiki, vipokezi, yaani alama ambazo kamera ya roboti huzifuatilia, hufungwa kwa pini kwenye paja na ugoko, na daktari hugusa alama kadhaa ili kompyuta ilinganishe mfupa halisi na modeli. Faida kubwa ni kwamba mpango unaweza kurekebishwa hapo hapo baada ya kupima kano, jambo ambalo kielekezi kilichochapishwa hakiruhusu. Hatari yake mpya ni matundu ya pini, ambayo mara chache huwa chanzo cha mfupa kuvunjika, na kipokezi kilichogongwa kikasogea bila mtu kuona. Ndiyo sababu alama ya uhakiki hupimwa tena kabla ya kukata.

Je, goti lenyewe linaweza kutengenezwa kwa vipimo vyangu?

Linaweza, na ili litengenezwe lazima upigwe CT. Lakini wagonjwa wengi huingia vizuri katika saizi za kawaida, na ushahidi kwamba goti la kipekee hufanya kazi vizuri zaidi bado ni mdogo kuliko matangazo yake.

Kuna ushahidi kwamba matokeo ni bora?

Tunataka ulisome jibu hili kabla ya kulipia chochote cha ziada.

Tafiti linganishi nyingi zimefanywa juu ya vielekezi vya plastiki. Zikikusanywa pamoja, hazionyeshi tofauti ya maana katika maumivu, kutembea au kuridhika kwa mgonjwa. Mkao wa mguu kwa ujumla hutoka sawa na ule wa njia ya kawaida mikononi mwa daktari mzoefu, na upande wa ugoko baadhi ya tafiti zimekuta makosa mengi zaidi. Kinachopungua kweli ni idadi ya trei za vifaa, na dakika chache za upasuaji. Mrija wa uboho wa paja pia hautobolewi, jambo linalopunguza kidogo damu inayopotea.

Roboti huufikia mpango kwa usahihi zaidi. Hata hivyo usahihi huo haujageuka kuwa tofauti kubwa ambayo mgonjwa anaihisi. Karibu mgonjwa 1 kati ya 5 waliobadilishwa goti husema hakuridhika kikamilifu, na sababu zake ni zaidi ya pembe za mikato.

Mahali ambapo sisi tungeichagua njia ya picha bila kusita ni kwa paja lililopinda au lililowahi kuvunjika, mrija wa uboho ulioziba au wenye chuma ndani yake, na kasoro kubwa za umbo zinazohitaji kufikiriwa kabla ya siku yenyewe. Huko chuma kikiwa karibu, tumia CT.

Programu inaweza kukosea?

Inaweza, na imewahi. Mwaka 2013 nchini Marekani vielekezi vya ShapeMatch vya Stryker viliitwa virudishwe, na FDA, mamlaka ya nchi hiyo inayosimamia dawa na vifaa tiba, ikaliweka tukio hilo katika daraja la juu kabisa la hatari, kwa sababu kasoro za programu zingeweza kufanya kina na pembe ya mkato visilingane na mpango wa daktari. Ni sababu nyingine ya kutomwachia mtu yeyote, binadamu au kompyuta, aruke hatua ya kalipa.

Picha zangu ni za miezi minane iliyopita. Zinafaa?

Pengine hapana. Wengi huweka kikomo cha miezi 6, kwa sababu vichomozo hukua na gegedu huendelea kulika, na kielekezi kitafuata uso ambao haupo tena. Ukianguka, ukachomwa sindano ya goti au ukafanyiwa upasuaji mdogo katikati, sema mapema.

Nitapona haraka zaidi?

Usitegemee hivyo. Wengi husimama siku hiyo hiyo au siku inayofuata, hutumia magongo kwa wiki kadhaa, na huendelea kupata nafuu hadi mwaka mzima. Hatari ya maambukizi na ya damu kuganda ni ile ile. Mazoezi ya kunyoosha na kukunja goti katika wiki 6 za kwanza yana nguvu kuliko aina ya kielekezi.

Goti likihitaji kurudiwa miaka ijayo, picha hizi zitafaa?

Zitafaa, na mara nyingi watu huzipoteza. Goti likishawekwa chuma, CT mpya huwa na vivuli na mistari inayoficha mfupa. Picha ya mfupa wako kabla ya kukatwa humwonyesha daktari wa baadaye kiungo kilikuwa wapi na saizi yake halisi ilikuwa ipi. Omba nakala ya faili zenyewe, si karatasi ya ripoti peke yake, pamoja na ukurasa wa mpango ulioidhinishwa na stika za vipandikizi zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo. Viweke vyote mahali pamoja.